Wanaowaonea Haya Waliowalea

Upo mtindo uliozuka miongoni mwa vijana waliosoma, nao unaudhi kweli kweli: kuwaonea haya waliowalea. Kijana akishapata digrii na ofisi yenye kiyoyozi, baba aliyeuza ng'ombe ili ada ipatikane anageuka kuwa "mzee mmoja wa kule kijijini". Mama akifika mjini na kikapu chake cha ukili, anakalishwa jikoni mpaka wageni waondoke. Siku ya mahafali kadi za mwaliko zinawaendea wakubwa wa kazini. Kwamba hili ni dhambi, hakuna wa kubishana. Mwislamu na Mkristo wote wamefunzwa hivyo kabla hawajajua kusoma. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mwacha asili ni mtumwa. Linalostahili kutazamwa ni jinsi mtoto mwema anavyofika hapo, na aliyeitazama njia hiyo hatua kwa hatua ni Charles Dickens, Mwingereza, katika riwaya yake Great Expectations, iliyotoka sehemu kwa sehemu kila wiki katika gazeti lake All the Year Round, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861.

Shujaa wake, Pip, ni yatima wa vinamasi vya Kent. Wazazi wake na ndugu zake watano wamelala makaburini, naye amelelewa na dada yake, mwanamke mkali wa fimbo, pamoja na shemeji yake Joe Gargery, mhunzi wa kijiji. Joe ana mikono ya chuma na moyo laini. Hakusoma. Pip anapomwandikia barua kwenye kibao, Joe anatambua herufi mbili tu katika maandishi yote, J na O za jina lake, na kila anapozikuta anafurahi waziwazi. Sababu anaieleza mwenyewe bila kinyongo: baba yake alikuwa mlevi na mpigaji, mama alitoroka na mwanawe, akamtia shule, lakini baba akawafuata na kuwarudisha. Ndiyo maana Joe hamwinulii mkewe mkono hata anapovuka mpaka. Anaogopa kuwa kama baba yake.

Wapo wasomaji wanaomwita dhaifu kwa hilo, maana mtoto alichapwa mbele ya macho yake, na si haki kuwapuuza. Lakini wanaomcheka kwa kutojua kusoma wakumbuke kwamba Uingereza ya ujana wake haikuwa na sheria ya kuhakikisha shule kwa watoto wote. Sheria hiyo ilipitishwa 1870, mwaka uleule aliofariki Dickens.

Aibu ilimwingia Pip siku moja tu. Alipelekwa kucheza katika nyumba ya Miss Havisham, mama tajiri aliyeachwa na mchumba siku ya harusi, ambaye tangu hapo hajavua gauni la bibi harusi na saa zake zote amezisimamisha saa tatu kasoro dakika ishirini. Humo Pip alikutana na Estella, binti mzuri wa kulelewa, aliyemcheka mikono yake iliyokomaa, viatu vyake vizito na namna anavyozitaja karata. Mtoto akarudi nyumbani na macho mengine. Meko ni ileile, fuawe ni ileile na shemeji ni yuleyule, ila vyote sasa vimekuwa duni. Na utajiri uliomdharaulisha kwao ulitoka wapi? Kwenye kiwanda cha bia! Herbert Pocket, kijana aliyekuja kuwa rafiki wa Pip, baadaye anamweleza desturi ya waungwana wa nchi ile: mwoka mikate hawezi kuwa muungwana, ila mpika bia anaweza. Mwenye akili na acheke.

Kisha ikaja bahati. Wakili wa London, Jaggers, alileta habari kwamba kuna mfadhili asiyetaka kutajwa anayetaka Pip afanywe bwana mkubwa. Joe alipoulizwa fidia ya kumpoteza mwanagenzi wake, alikasirika karibu apigane. Kwake hakuna fedha iwezayo kulipa rafiki. Na kijana je? Asubuhi ya safari aliomba aende peke yake hadi penye gari la farasi, kwa kuwa suti yake mpya na nguo za Joe zisingependeza zikisimama pamoja. Maskini akipata, matako hulia mbwata.

Ukurasa wa kusomwa polepole ni ule wa Joe kumtembelea Pip London. Pip anaungama kwamba, kama fedha ingeweza kumzuia mgeni huyo, angeitoa. Joe anaingia amebanwa na nguo za Jumapili, hajui pa kuiweka kofia yake, mwishowe anaiegesha juu ya meko, nayo inaanguka, anaidaka, anairudisha, inaanguka tena. Anamwita Pip mara kwa lile jina lao la kirafiki la zamani, mara "bwana". Pip anakereka kwa kofia na kwa "bwana", asitambue kwamba yote mawili ni kazi yake yeye. Lakini kabla ya kuondoka, Joe anatulia, anasema kwa heshima kwamba makosa hayako kwa Pip. Ni yeye asiyefaa nje ya karakana yake, na hatakuja tena akiwa amevaa hivyo. Pip alipofunga safari kurudi Kent, alijitafutia visingizio, akalala hotelini badala ya kwa Joe.

Hapa makala haya yaruhusiwe kutoka njiani kidogo, kwa maana kuna kundi jingine lisiloweza kupita bila kukemewa: jamaa wa siku ya neema. Dickens alimpa mtu wa kundi hilo jina la Pumblechook, mfanyabiashara wa mbegu. Pip alipokuwa mtoto, Pumblechook alimsumbua mezani kwa hesabu za kujumlisha na kumsimanga kuwa hana shukrani. Habari za mali zilipovuma, akawa anaomba idhini ya kumshika mkono, mara moja, mara mbili, mara tatu, na kuwatangazia watu kuwa yeye ndiye chanzo cha neema ile. Mali ilipokwisha, akarudia mahubiri ya shukrani mbele ya kadamnasi. Akina Pumblechook hawakosi kwenye kamati zetu za harusi. Ndio wanaonyakua kipaza sauti na kusema "mtoto huyu nimemlea mimi", ilhali aliyemlea yuko nyuma ya turubali anaosha sufuria.

Turudi kwa Pip. Mfadhili wake alikuwa Magwitch, mfungwa mtoro ambaye Pip, angali mdogo, alimletea chakula na tupa ya kukatia pingu. Magwitch alihamishiwa Australia kwa adhabu, akafuga kondoo, na kila alichochuma akakielekeza kwa mtoto yule. Na Estella, yule aliyemfundisha Pip dharau, alikuwa binti wa Magwitch huyohuyo. Magwitch aliporudi Uingereza bila ruhusa alihukumiwa, na mali yake yote ikataifishwa na serikali. Pip akabaki na homa na deni la sonara, pauni 123 na ushei, na washika-wadeni mlangoni.

Aliyekuja kumuuguza ni Joe. Kufikia hapo Biddy, msichana wa kijijini, alikuwa amemfundisha kuandika. Pip alipopata nafuu, asubuhi moja aliamka akakuta Joe ameondoka, na stakabadhi ya deni imeachwa: limelipwa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Dickens hakuyaokota haya hewani. Mwaka 1824, Dickens alipokuwa na miaka 12, baba yake alifungwa gereza la Marshalsea kwa deni, na mtoto mwenyewe alipelekwa kiwanda cha dawa ya viatu kubandika lebo kwenye vikopo kwa shilingi 6 kwa wiki. Siri hiyo aliificha hata kwa watoto wake. Umma uliijua baada ya kifo chake, pale rafiki yake John Forster alipoandika wasifu wake. Aliujua vizuri uficho wa asili, kwa kuwa naye alikuwa nao.

Wahakiki wamebishana sana kuhusu mwisho wa riwaya, maana Dickens aliubadilisha kwa ushauri wa mwandishi mwenzake Bulwer-Lytton: je, Pip na Estella wakaoana? Wabishane. Jambo la haja lilikwisha kurasa za nyuma: Pip alirudi kwa Joe na Biddy, akawakuta wameoana siku hiyo (dada yake alikuwa amekwisha kufa), akaomba radhi mbele yao, akaenda kufanya kazi ya ukarani Cairo, akaishi kwa kubana matumizi mpaka madeni yake yakaisha, na miaka yote hiyo aliendelea kuwaandikia.