Waombewe Watawala, Lakini Haki za Waja Zirudishwe Kwanza

Kila mwaka ndugu zetu Wakristo wa nchi jirani ya Kenya hukusanyika Nairobi kwa kifungua kinywa cha maombi ya kitaifa. Desturi hii asili yake ni Marekani, ambako ilianza mwaka 1953 katika zama za Rais Eisenhower, na nchi kadhaa za Afrika zimeiiga. Wabunge ndio waandaaji, mawaziri na mabalozi huketi mezani, wachungaji huliombea taifa na viongozi wake, kisha Rais huhutubia.

Hatuwalaumu Wakristo kwa kuwaombea watawala wao. Paulo aliagiza jambo hilo katika barua yake ya kwanza kwa Timotheo, na katika kitabu cha Yeremia Waisraeli waliohamishiwa Babeli waliambiwa wauombee heri mji ule uliowateka. Nasi Waislamu huwaombea viongozi wetu juu ya mimbari. Swali letu ni jingine kabisa: dua hiyo inaombwa mezani kwa nani, na ni jambo gani lililopaswa kutangulia kabla yake?

Tarehe 28 Mei 2025, katika hafla hiyo, Rais William Ruto aliwaomba radhi vijana wa Kenya iwapo kuna mahali walipokosewa. Aliwaomba radhi pia majirani, sisi Watanzania tukiwamo pamoja na Waganda. Ni watawala wachache wanaoweza kutamka neno hilo hadharani, na tunalikubali kuwa ni neno jema.

Lakini, ndugu msomaji, hebu tuulize kosa lilikuwa la nani juu ya nani. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliopinga Muswada wa Fedha waliingia katika viwanja vya Bunge, nao wakapigwa risasi. Tume ya taifa ya haki za binadamu ya nchi hiyo ilihesabu watu wasiopungua 60 waliouawa katika maandamano ya mwaka ule, na wengine 82 waliotekwa au kutoweka kati ya Juni na Desemba. Radhi ilitamkwa mbele ya wachungaji na waheshimiwa, lakini misiba ilikuwa katika nyumba za watu wengine.

Na yaliyofuata ni ushahidi mzito zaidi. Siku kumi na moja tu baada ya maombi yale, mwalimu mmoja kijana alikufa akiwa mikononi mwa polisi jijini Nairobi. Polisi walisema amejigonga kichwa ukutani. Madaktari waliouchunguza mwili wake wakakuta majeraha yasiyolingana na maelezo hayo. Tarehe 7 Julai, katika maandamano mengine, tume ile ile ilihesabu watu wasiopungua 31 waliouawa. Basi radhi ile ilizuia nini?

Dini yetu imetufundisha kuzitenga haki mbili. Iko haki ya Mwenyezi Mungu, na hiyo Yeye humsamehe mja wake akipenda. Na iko haki ya waja: damu, mali na heshima za watu. Hii haifutwi kwa machozi ya ibada mpaka irudishwe kwa mwenyewe, au mwenyewe asamehe. Mtukufu Mtume (s.a.w.) alitueleza habari za muflisi wa Siku ya Kiyama: atakuja na sala, saumu na zaka tele, lakini alikuwa amewatukana watu, amekula mali zao na kumwaga damu zao. Mema yake yote yatagawiwa kwa aliowadhulumu, na yakimalizika atabebeshwa dhambi zao.

Wakristo wasidhani kwamba tunawahukumu kwa kitabu kisichokuwa chao. Katika Injili ya Mathayo, mlango wa tano, Yesu anamwagiza mtu aliyeleta sadaka madhabahuni, akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache pale pale, aende akapatane naye kwanza. Katika Luka, Zakayo mtoza ushuru aliahidi kuwarudishia mara nne wote aliowadhulumu. Na Yohana Mbatizaji, ambaye sisi twamjua kuwa ni Nabii Yahya (a.s.), hakuketi karamuni kwa Herode. Alimwambia kosa lake, akatiwa gerezani na kukatwa kichwa.

Watasema: kiongozi akiombewa, moyo wake hulainika. Tunajibu: moyo uliolainika huonekana kwa matendo. Ni kweli kwamba mwezi Agosti 2025 Rais aliunda jopo la fidia kwa waathirika wa maandamano, na Septemba mahakama ikalisimamisha kwa shauri la waliopinga uhalali wake. Hilo la fidia, pamoja na kuwafikisha wauaji mahakamani, ndilo lililopasa kuwa mlango wa maombi. Hapa limekuja baada yake.

Insafu yatulazimisha kusema kuwa si viongozi wote wa makanisa walionyamaza. Mwaka 1990 Askofu Alexander Muge wa Eldoret alionywa na waziri kwamba akienda Busia huenda asitoke hai. Alikwenda, na tarehe 14 Agosti akafa katika ajali ya gari akiwa njiani kurudi. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa mimbari ya kanisa lake. Na Novemba 2024, baada ya maaskofu wa Kikatoliki kuikosoa serikali waziwazi, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliamuru zirudishwe fedha ambazo Rais alikuwa amezitoa kanisani. Hao waliwaombea watawala wao vizuri zaidi kuliko mwenye kusema "Amina" huku bahasha iko mfukoni.

Wala sisi Waislamu tusicheke. Ni mara ngapi masheikh wetu wamealikwa futari na wakubwa, wakashiba, wakaomba dua ndefu, wakaondoka bila kuwataja mahabusu wanaosota miaka bila hukumu? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba jihadi iliyo bora ni neno la haki mbele ya mtawala dhalimu. Hakusema ni dua tamu mbele yake.

Basi kwa kila anayealikwa katika meza hizo, awe padri au sheikh, utaratibu ni huu: kwanza aliyedhulumiwa arudishiwe haki yake, kisha aombwe radhi yeye mwenyewe, ndipo mikono iinuliwe. Dua ya mwenye kudhulumiwa haina pazia baina yake na Mwenyezi Mungu, naye mama aliyezika mwanawe anaomba usiku na mchana. Mtawala mwenye akili aihofu dua hiyo kabla ya kuzitegemea dua za wageni wake.

Mwenyezi Mungu awaongoze watawala wetu katika uadilifu, na atupe sisi ujasiri wa kuwaambia kweli. Amin.