MGONJWA WA AKILI ANA KWAO

Hakuna hospitali inayotajwa kwa mzaha katika nchi hii kama ile ya Dodoma. Mtu akitofautiana na wenziwe mkutanoni, huambiwa apelekwe Mirembe. Jirani zetu wa Kenya husema Mathari, na wa Uganda husema Butabika. Hatujasikia mtu akimtania mwenziwe kwa wodi ya kifua kikuu, wala kwa wodi ya wazazi. Mzaha huu una gharama yake, nayo hulipwa na watu wasiokuwapo mkutanoni: mgonjwa aliyelazwa huko, na mama yake ambaye huwaaga majirani akisema kwamba anakwenda Dodoma kumtazama shangazi.

Leo twataka kusema juu ya mgonjwa huyo na mama huyo kwa pamoja, kwa sababu twaamini kwamba kosa kubwa lililofanywa katika matibabu ya akili ni kuwatenga wawili hao. Mgonjwa wa akili ana kwao. Hospitali inayolisahau jambo hilo huwa boma la kuwekea watu, hata ikiwa na madaktari hodari na dawa za kutosha.

Haifai kushangaa kwamba kosa hilo lilifanyika. Hospitali za namna hii katika Afrika Mashariki zilizaliwa chini ya serikali za kikoloni. Mathari ilianza mwaka 1910 katika mahali palipokuwa pa kuwatengea wagonjwa wa ndui. Mirembe ilifunguliwa mwaka 1927, na Butabika mwaka 1955. Kusudi kubwa la watawala lilikuwa kuwaondoa barabarani watu waliosumbua utulivu. Kuwaponya lilikuwa jambo la baadaye. Daktari J. C. Carothers, aliyeiongoza Mathari tangu 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, na ndani yake alimfananisha Mwafrika mzima wa akili na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Ikiwa mganga mkuu anaamini kwamba hata aliye mzima kijijini hana akili kamili, kwa nini ajisumbue kumwita baba wa mgonjwa na kumwuliza ugonjwa wa mwanawe ulianzaje?

Jibu la fikra hizo lilitoka Afrika yenyewe, wala halikuchelewa. Mwaka 1954 Daktari Thomas Adeoye Lambo, Mnigeria mzaliwa wa Abeokuta, alianza kazi katika hospitali ya Aro, karibu na mji huo huo aliozaliwa. Badala ya kuwafungia wagonjwa wote wodini, aliafikiana na wenyeji wa vijiji vya jirani wawapangishe wagonjwa vyumba. Sharti lilikuwa moja: mgonjwa aje na ndugu yake, angalau mmoja. Ndugu huyo alimpikia, alimfulia, alimpeleka hospitali kupata dawa na kumrudisha. Saa zilizobaki mgonjwa aliishi kijijini kama watu wengine, akifanya kazi na kuhudhuria sherehe. Hata waganga wa kienyeji waliitwa kushauriana na madaktari. Ndugu aliyekuja akiwa na hofu alirudi kwao akiujua ugonjwa, akiijua dawa, na akijua la kufanya dalili zikianza tena. Daktari Lambo baadaye alipanda hata kuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, shirika lile lile lililokuwa limekitoa kitabu cha Carothers.

Hata hapa kwetu wazo hilo si geni. Tulikuwa na vijiji ambamo wagonjwa wa akili waliishi wakilima, na katika miaka ya 1980 mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro ilijaribu kuyashusha matibabu ya akili mpaka zahanati. Njia twaijua. Lililo gumu ni kuishika njia hiyo siku zote, hata fedha zinapopungua.

Hebu na tuitazame safari ya mgonjwa kama jamaa zake wanavyoiona. Aghalabu ugonjwa huanza kimya. Kijana halali, haendi kazini, husema peke yake. Nyumbani hawasemi kwamba ni ugonjwa. Husema amerogwa, au ni bangi, au ni kiburi. Fedha huenda kwa mganga wa kwanza, kisha wa pili. Baada ya fedha huenda mbuzi, na baada ya mbuzi huenda shamba. Akianza kuvunja vitu hufungwa kamba, na pengine mnyororo. Siku anapofikishwa hospitali, ndugu aliyefuatana naye amekwisha choka, ana deni, tena ana haya.

Hapo mapokezini ndipo yanapoamuliwa mengi. Ndugu huyo akiulizwa jina na kijiji tu, kisha akaambiwa aende zake, ataondoka akijua jambo moja: kwamba mzigo ameutua. Lakini akikalishwa, akaulizwa habari za mgonjwa, akaelezwa kwa Kiswahili kilicho wazi kwamba huu ni ugonjwa na kwamba una matibabu, ataondoka akijua kwamba naye ana kazi ya kufanya.

Halafu kuna dawa. Dawa za maradhi makubwa ya akili, zilizoanza kutumika duniani katika miaka ya 1950, zimewatuliza watu wengi. Lakini baadhi yake humfanya mtu atetemeke mikono, akakamae shingo, adondokwe na mate, au asinzie mchana kutwa. Daktari ayajua hayo, na mara nyingi anaweza kuyapunguza kwa kubadili kipimo au dawa. Ndugu asipoambiwa, atamwona mwanawe akitetemeka, atasema ametiliwa sumu, na vidonge vitatupwa jalalani. Baada ya miezi michache ugonjwa utarudi, na kijiji kizima kitasema kwamba ugonjwa wa akili hauponi. Dakika kumi za maelezo zingalizuia hasara hiyo yote.

Na lipo jambo chungu kupita haya. Mgonjwa amepata nafuu; daktari aandika kwamba aweza kurudi nyumbani; barua yapelekwa, haijibiwi. Pengine anwani iliyoachwa siku ya kwanza haikuwa ya kweli. Mtu mzima wa akili abaki wodini kwa kuwa hana pa kwenda, naye akiliona lango linafunguliwa kwa ajili ya wenziwe. Hana ugonjwa tena, ana upweke. Hospitali haina dawa ya upweke huo. Dawa yake iko katika nyumba zetu.

Lakini yatupasa kuonya. Wako watakaosoma maneno haya na kusema: kama ni hivyo, na tuzifunge hospitali hizi, tuwarudishe wagonjwa kwa jamii, na gharama itapungua. La hasha! Lililotokea Afrika Kusini latosha kuwa funzo. Mwaka 2015 Idara ya Afya ya jimbo la Gauteng iliamua kuvunja mkataba wake na hospitali za Life Esidimeni, zilizokuwa zikiwatunza wagonjwa wa akili wa muda mrefu. Ilisemwa kwamba ni kuwarudisha kwa jamii na kupunguza matumizi. Jamaa za wagonjwa walipinga, waliandamana, na pamoja na vyama vya kutetea wagonjwa walikwenda mahakamani. Hawakusikilizwa. Mwaka 2016 wagonjwa walitawanywa katika vituo 27 ambavyo, kama Mkaguzi wa Afya wa nchi hiyo alivyoeleza mwezi Februari 2017, havikuwa na leseni halali. Wazazi walizunguka kituo hata kituo wakiuliza watoto wao wamepelekwa wapi. Wengine waliwakuta wamedhoofika kwa njaa; wengine waliwakuta wamekwisha kufa. Hesabu iliyofikiwa mbele ya Jaji Dikgang Moseneke ilikuwa watu 144. Mwezi Machi 2018 jaji huyo aliiamuru serikali ilipe fidia kwa jamaa zao, na mwezi Julai 2024 mahakama ya uchunguzi ilitamka kwamba vitendo vya viongozi wawili wa zamani wa idara hiyo vilisababisha vifo tisa miongoni mwa hivyo.

Msomaji alinganishe Aro na Gauteng. Kote kuwili mgonjwa alitolewa nje ya ukuta. Aro alitoka akiwa ameshikwa mkono na ndugu yake, na daktari alikuwa karibu. Gauteng alitoka peke yake, ndugu yake akifichwa habari, na daktari alikuwa mbali. Basi kumtoa mgonjwa nje ya ukuta si tiba yenyewe. La kuulizwa ni hili: anatoka na nani, na dawa yake ataipata wapi? Tena jamaa wale wa Gauteng hawakuwa wasumbufu, walikuwa mashahidi. Waliyasema mambo kabla hayajatokea. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mkuu wa idara anayemfukuza mzazi mlangoni amejinyima mlinzi asiyedai mshahara.

Kwa hiyo twasema mambo manne.

Kwanza, kila hospitali inayolaza wagonjwa wa akili imhesabu ndugu kuwa sehemu ya matibabu. Apangiwe siku ya kuonana na daktari au mwuguzi, aelezwe dawa na madhara yake, na apewe habari kabla mgonjwa hajahamishwa popote. Wala mgonjwa mwenyewe asisahauliwe. Wako ndugu wanaoutamani urithi kuliko uzima wa mwenzao. Mgonjwa aulizwe anamwamini nani, na asikilizwe anaposema kwamba amepigwa au ameonewa, iwe ni nyumbani au wodini.

Pili, dawa imfuate mgonjwa alipo. Mtu wa Mtwara au Kigoma hawezi kula nauli ya Dodoma kila mwezi kwa ajili ya vidonge. Vidonge hivyo, na sindano ya kila mwezi kwa wanaoihitaji, vipatikane katika kituo cha afya kilicho karibu, na visikosekane. Dawa ya akili inayokatika ni daraja linalovunjika mtu akiwa katikati.

Tatu, wauguzi na wahudumu wa wodi hizi wapewe heshima na watu wa kutosha wa kusaidiana nao. Hao ni wafanyakazi wenzetu. Mwuguzi aliyeachwa peke yake usiku na wodi nzima atashika ufunguo kwanza na huruma baadaye, nasi hatuwezi kumlaumu bila kujilaumu sisi tuliomwacha hivyo. Ikiwa twamtaka awe mpole, na tumpe nafasi ya kuwa mpole.

Nne, na hili ni letu sote, wanachama na wafanyakazi. Tawi lijue ni nyumba ipi ina mgonjwa, si kwa kuinong'ona, bali kwa kuisaidia. Balozi aende kumpokea anayerudi kama anavyompokea aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Vyama vya wafanyakazi vihakikishe kwamba aliyepona anarudi kwenye cherehani yake, usukani wake au dawati lake, wala hafukuzwi kwa sababu ya karatasi yenye jina la hospitali. Mtu aliyepona akinyimwa kazi hurudishiwa ugonjwa kwa mkono wa pili. Na aliyefungwa mnyororo nyuma ya nyumba asifichwe. Jirani anayejua na akanyamaza ameushika mnyororo huo pamoja na aliyeufunga.

Wazee wetu walisema, hujafa hujaumbika. Hakuna ukoo wenye hati ya kuukinga na ugonjwa huu. Humpata mwalimu, humpata dereva, humpata mama aliyejifungua juzi, na humpata kiongozi. Kila mmoja wetu atayarishe leo makaribisho ambayo angependa kuyapata kesho. Na aliye na ndugu aliyelazwa, ambaye barua ya hospitali imekaa sandukuni mwake bila majibu, na aijibu wiki hii, kisha aende kumchukua.