Safu ya Katikati

Katika mtihani wa vitendo wa kemia wa kidato cha nne, mtahiniwa anayechunguza chumvi asiyoijua huchora jedwali la safu tatu. Ya kwanza ni ya jambo alilotenda, ya pili ni ya alichokiona, na ya tatu ni ya maana aliyoitoa katika alichokiona. Hoja yangu inahusu safu ya katikati. Naileta mbele ya malenga na wapenzi wa lugha kwa kuwa, baada ya miaka mingi ya kusimama kati ya meza za maabara, naamini kwamba safu hiyo inaugua lugha.

Tumezoea kulilia vifaa, na kilio hicho ni cha haki. Mwaka 2012, Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara za fizikia, kemia na biolojia, wananchi walichanga, kuta zikapanda, na baadhi ya kuta hizo zikangoja paa kwa muda mrefu. Hata hivyo nimepata kuingia katika maabara zilizokamilika, zenye mirija safi, bureti zisizovuja na moto wa kutosha, nikakuta safu ya katikati imekwisha kujazwa kabla mwanafunzi hajagusa kitu. Kila chumvi ina sentensi yake ya Kiingereza, na mwanafunzi hodari ni yule aliyezikariri zote. Akishabahatisha jina la chumvi, hurudi nyuma akaandika alichopaswa kukiona. Macho yake hayakuwa na kazi siku hiyo.

Nitatoa mfano wa jaribio moja dogo. Mwanafunzi huyeyusha salfeti ya chuma, ile ya kijani hafifu, katika maji, kisha akadondoshea hidroksidi ya sodiamu. Mara hujitokeza mashapo mazito ya kijani kilichochafuka, kama utando wa kidimbwi. Sentensi ya kukariri huishia hapo. Lakini mrija ukiachwa kwenye kishikio kwa dakika kadhaa, uso wa yale mashapo, pale yanapokutana na hewa, huanza kubadilika rangi. Katika kipindi kimoja kijana wa kidato cha tatu aliniita: "Mwalimu, huku juu kumeshika kutu!" Alisema kweli kuliko alivyojua. Oksijeni ya hewani ilikuwa ikiibadili hali ya kile chuma, na kilichotokea pale juu ni ndugu wa karibu wa kutu ya bati la nyumbani kwao. Kitenzi alichokirithi kwa mama yake kilikuwa kimebeba safu ya pili na ya tatu kwa pamoja. Nilipolitazama daftari lake, nikakuta neno moja tu la Kiingereza lenye maana ya kijani. Nilimuuliza mbona kutu hakuiandika. Akanijibu kwamba hakujua kama inaruhusiwa.

Jibu hilo ndilo linalonisumbua hadi leo katika kustaafu kwangu. Yeyote aliyefundisha sekondari zetu anajua kwamba lugha ya maabara ni Kiswahili: ndicho wanafunzi wanachoambizana wakigombea kiberiti, na ndicho mwalimu hukimbilia moto unapowaka vibaya. Ni daftari peke yake lililoachwa ugenini. Mtoto huona kwa lugha moja, huandika kwa nyingine, na njiani kati ya jicho na kalamu mzigo humwagika.

Nchi hii ina mfano maarufu wa mwanafunzi aliyekataa kumwaga mzigo wake. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, akiwa Shule ya Sekondari Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa kuhofia kukosa nafasi katika jokofu, aliingiza maziwa yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Mwalimu wake alimwambia kuwa amechanganyikiwa. Baadaye alisikia kwa rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga kwamba wauzaji wa huko huingiza mchanganyiko wa moto ili ugande upesi. Elimu ilikuwa sokoni tayari, ila darasani haikuwa na kiti. Akiwa Mkwawa, Iringa, alirudia jaribio kwa maji, kisha akamuuliza swali hilo Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mbele ya wenzake waliomcheka. Osborne hakucheka, alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Wataalamu bado wanabishana. Mwaka 2016 Burridge na Linden waliandika kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha, na wakaonya kuwa kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kupotosha matokeo. Mimi sioni kwamba ubishi huo unampunguzia Mpemba kitu. Alitazama, akasema alichokiona, na dunia imelazimika kutazama tena.

Sasa nije kwenye pendekezo langu, ambalo si kubwa. Safu ya katikati ya daftari la mazoezi iandikwe kwanza kwa Kiswahili, papo hapo, mrija ukiwa mkononi. Mwishoni mwa kipindi mwanafunzi aihamishie katika Kiingereza cha mtihani. Sisemi habari ya kubadili lugha ya kufundishia. Mjadala huo una umri mrefu. Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari kuanzia mwaka 1985, Serikali haikukubali, na watu wangali wakizozana. Safu moja ya daftari haihitaji tume.

Nitaambiwa kwamba istilahi hazitoshi. Hapo, ndugu zangu wa lugha, nina neno nanyi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990, na nomino tumeunda kwa magunia. Kinachopungua katika safu ya katikati ni vitenzi na rangi, na hivyo tunavyo tangu zamani ila tumevidharau kwa kuwa havina sura ya kitaalamu. Mrututu, ule wa buluu ambao wazee walitibia vidonda, ndio salfeti ya shaba ya vitabuni. Ukiuchoma hupauka ukawa unga mweupe. Ukiudondoshea maji, ubuluu hurejea. Kupauka! Kila mtoto aliyewahi kukosa mafuta ya kujipaka anajua kuwa kupauka ni kupungukiwa na unyevu, na ndivyo ilivyo, kwani moto umeyafukuza maji yaliyokuwa ndani ya fuwele. Kuna mashapo yanayotuama chini na mengine yanayoning'inia kama ute. Kuna kloridi ya fedha, ambayo hujitenga kwa mabonge meupe kama maziwa yaliyokatika. Na kwa rangi je? Tuna samawati na nili, kahawia na hudhurungi, waridi, urujuani, hata damu ya mzee, jina ambalo hakuna kamati iliyolikalia kikao.

Haki itendeke pande zote: Kiswahili nacho kina pengo lake. Barafu juani huyeyuka, na sukari katika chai huyeyuka vilevile, ilhali haya ni matendo mawili tofauti, na nimesahihisha majibu mengi ambamo chumvi ilidhaniwa kugeuka maji. Kuna kitenzi kumumunyuka, alichonacho kila anayenyonya peremende, ambacho kingeweza kubeba maana ya pili. Hakijashika mizizi katika vinywa vya walimu. Maneno ya namna hii huenezwa na watu wenye sikio, wanaoyatumia mahali pake hadi wengine wakaona haya kuyakosea, na ndiyo sababu nimewajia ninyi malenga.

Anayeona kwamba nasema jambo jepesi na ajaribu mwenyewe jikoni. Chemsha maua makavu ya choya, uyachuje, maji yake yapoe. Yagawe katika glasi mbili za kioo. Katika ya kwanza kamua ndimu: wekundu utakolea. Katika ya pili tia maji yaliyoyeyushiwa magadi, tone kwa tone, huku ukitikisa, na kalamu ikiwa mkononi. Wekundu utafifia, utazama, na hatimaye utaishia kwenye kijani kizito. Kati ya wekundu na ukijani kuna rangi inayopita upesi sana, si zambarau wala si majivu. Mimi huiandika "nili iliyochujuka", na sijaridhika nayo. Mwenye neno bora na alitaje.