Mwenye Kufuta Daftari la Ukaguzi Ajulikane

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Leo twataka kunena juu ya daftari ambalo likipotea, roho za watu huweza kupotea nalo. Ni daftari la ukaguzi wa majengo, ambamo mkaguzi huandika kwamba nguzo hii ina ufa, zege hii haijakomaa, au jukwaa lile la mafundi halina kizuizi.

Siku hizi, katika makampuni mengi ya ujenzi, daftari hilo limo ndani ya kompyuta. Programu nyingine hulifikia kwa kupitia mlango ambao mafundi wa kompyuta huuita API, na hapo hutuma amri: soma, andika, rekebisha, futa. Hiyo amri ya nne ndiyo tunayoitolea hoja. Kwa amri moja tu, ripoti ya ukaguzi pamoja na picha na sahihi zake yaweza kuondoka kabla mtu hajainua kalamu.

Wengi hudhani kwamba kufuta ni kufuta. Sivyo. Kanuni ya HTTP inayoongoza mawasiliano ya namna hii, katika toleo lake la Juni 2022, yaeleza kwamba amri ya kufuta huvunja uhusiano kati ya anwani na kitu kilichokuwapo. Haitoi ahadi kuwa habari zenyewe zimeharibiwa. Basi mfumo mmoja hukiweka kilichofutwa katika kapu ambamo chaweza kurudishwa, na mwingine hukiteketeza kabisa. Ukiitazama kwa nje, amri ni ile ile. Mwenye kutuonyesha tofauti ni yule aliyeandika maelezo ya chombo hicho. Naye akiandika maneno mawili tu, "hufuta ukaguzi", ametuacha gizani.

Jambo hili limezidi uzito tangu akili bandia ilipoanza kukabidhiwa vyombo hivi. Mashine husoma maelezo, kisha huchagua chombo. Msimamizi akiiambia isafishe orodha ya kazi zilizokwisha, na maelezo yakawa mabovu, yaweza kudhani kuwa kusafisha ni kufuta. Kanuni iitwayo Model Context Protocol, iliyotangazwa Novemba 2024, iliongezewa baadaye alama ya kuonya kwamba chombo fulani chaweza kuharibu. Hilo ni jema. Lakini kanuni yenyewe yakiri kuwa alama hiyo ni kidokezo tu. Haina nguvu ya kuzuia mkono wa mtu wala wa mashine.

Pengine mfanyakazi atauliza: hayo yamhusu nini mtu abebaye zege? Yamhusu sana. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 liliporomoka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, likaua watu 36. Kibali chake kilikuwa cha ghorofa 10. Mwezi uliofuata, tarehe 24 Aprili, jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka, Bangladesh, liliua watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki iliyokuwamo iliwatoa watu wake, bali washonaji waliamriwa kurudi kazini.

Hatusemi kwamba maandishi yalifutwa huko. Twasema kwamba baada ya kila msiba wa namna hiyo huulizwa swali moja: nani alijua, na alijua lini? Jibu limo katika daftari la ukaguzi, na mwenye haja ya kulifuta hawi kamwe yule aliyefukiwa. Uingereza imelitambua hilo. Baada ya moto wa Grenfell Tower ulioua watu 72 mwezi Juni 2017, sheria ya mwaka 2022 ilileta wajibu wa kutunza habari za usalama wa majengo marefu ya makazi kwa njia ya kompyuta, maisha yote ya jengo.

Wako watakaosema kwamba makosa hutokea, na ukaguzi ulioandikwa mara mbili sharti uondolewe. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini karani mwaminifu hachani ukurasa. Hupiga mstari mmoja juu ya kosa, akaandika lililo sahihi, akatia sahihi yake na tarehe. Kosa hubaki likisomeka, na aliyelirekebisha hujulikana.

Kwa hiyo twashauri hivi. Kila chombo chenye uwezo wa kufuta ukaguzi kiandikiwe maelezo wazi: hufuta nini na huburuta nini pamoja nacho, chaweza kurudishwa, na kwa muda gani, nani ana ruhusa, na jina la aliyefuta, saa na sababu huandikwa wapi. Kumbukumbu hiyo ya mwisho isifikiwe na chombo hicho hicho. Ukaguzi uliokwisha kutiwa sahihi usifutwe bila idhini ya binadamu mwenye jina. Na vyama vya wafanyakazi viyadai maelezo hayo kabla kazi haijaanza, kama vidaivyo kofia na viatu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa uliofutwa katika daftari, fundi wa kesho atauziba vipi, naye hajaambiwa ulipo?