Leseni ya Tambarare Haitoshi Minembwe

Asubuhi ufukweni Baraka, mashariki mwa Congo, wavuvi wakirudi na ndagala zao, ziwa Tanganyika huwa limetulia na milima iko wazi hadi kileleni. Huo ndio wakati wa kuruka. Ikifika saa nane mchana, mawingu yameshajikusanya juu ya nyanda za eneo la Fizi na rubani mwenye akili ameshaiegesha ndege yake.

Ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kuelekea magharibi ardhi inapanda hadi nyanda za juu za Minembwe, zaidi ya mita 2,000, na kaskazini zaidi, kwenye safu ya Itombwe, Mlima Mohi unafika mita 3,475. Mtu wa Minembwe anayeshuka ziwani kwa miguu hulala njiani. Ndege ndogo haihitaji hata nusu saa, na ndiyo maana dawa, wagonjwa na walimu hupitia angani kila usalama unaporuhusu. Katika nusu saa hiyo, hata hivyo, rubani anapita kutoka dunia moja kwenda nyingine, na leseni iliyo mfukoni mwake haisemi neno lolote kuhusu hiyo ya pili.

Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo Congo ni mwanachama wake, vinamtaka rubani binafsi awe na saa 40 za kuruka, au 35 kama amepitia mafunzo yaliyoidhinishwa. Anafundishwa kupaa, kutua, kusoma ramani, kuongea na mnara. Hakuna mahali viwango hivyo vinapomdai awe ametua hata mara moja kwenye uwanja ulioinama mlimani. Mwanafunzi anaweza kuzimaliza saa zake zote kwenye lami ya Ndolo, Kinshasa, isiyofika hata mita 300 juu ya bahari, akapewa leseni halali kabisa, kisha akaelekeza pua ya ndege Minembwe.

Kitakachompokea huko ni hewa nyepesi. Bawa linabeba kidogo, propela inavuta kidogo, na injini isiyo na turbo inakosa pumzi kama mtu wa ziwani anayepanda Itombwe na gunia la mihogo kichwani. Joto linaongeza balaa. Hapo Baraka penyewe, mchana wa nyuzi 30, ndege hufanya kazi kana kwamba iko mita 1,500. Kwenye uwanja wa mita 2,300, nyuzi zikiwa 22 tu, ndege huona iko mita 3,100. Hapo rubani anasoma kwenye kipima mwendo namba ileile aliyoizoea Kinshasa, lakini magurudumu yanagusa udongo kwa kasi inayoizidi namba hiyo kwa karibu asilimia 17. Uwanja ambao kwenye karatasi ulionekana mrefu unaisha ghafla.

Halafu kuna upepo. Unapopanda mlima huinua ndege, na unaposhuka upande wa pili huikandamiza chini, pengine kwa nguvu kuliko injini inavyoweza kupandisha. Kwa hiyo marubani wa milimani huuvuka mgongo wa mlima kwa kuukabili mshazari, si uso kwa uso, ili wakianza kuzama wageuke kwa kona ndogo tu. Hawapiti katikati ya bonde. Hujibana upande mmoja, wakiacha nafasi ya kugeuza. Na kwenye uwanja ulioinama hutua wakipanda na kuruka wakishuka, hata upepo ukisema vingine. Viwanja vya namna hiyo mara nyingi mwisho wake ni ukuta wa mlima: rubani akishapita kiwango fulani akija kutua, hawezi tena kubadili nia. Kiwango hicho hakichorwi kwenye ramani yoyote. Huonyeshwa na mtu aliyewahi kufika.

Husemwa ajali haina kinga. Za milimani nyingi zina kinga, na kinga yenyewe ni kurudi nyuma mapema. Tarehe 1 Septemba 2008, Beechcraft 1900 ya shirika la misaada la Air Serv International ikitoka Kisangani iligonga mlima ikikaribia uwanja wa Kavumu, Bukavu. Watu wote 17 walikufa. Nchini Kenya, tarehe 19 Julai 2003, ndege ya kukodi iligonga Mlima Kenya karibu na kilele cha Lenana na kuua watu 14. Tarehe 5 Juni 2018, Cessna Caravan ya FlySax iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare. Mabaki yalionekana siku mbili baadaye na wote 10 wamekufa. Waliorusha ndege hizo walikuwa marubani wa kazi, si wa kujifurahisha. Kama mlima unawapata hao, mwenye saa 40 anaingia na nini?

Ufaransa ililijibu swali hili zamani. Marubani kama Henri Giraud, aliyetua kileleni Mont Blanc mwaka 1960, walionyesha kinachowezekana, na urubani wa milimani huko ni somo lenye mtihani wake. Leo kanuni za Ulaya zina idhini maalumu ya milimani, ya magurudumu na ya skii, ambayo rubani binafsi anaweza kuisomea. Ili aendelee kuitumia lazima awe ametua milimani angalau mara 6 ndani ya miaka 2, au apimwe upya na kufaulu. Asiyetaka idhini nzima anaweza kufundishwa uwanja mmoja tu, kama Courchevel, wenye njia ya mita 537 iliyoinama hadi asilimia 18.6, akaruhusiwa huo peke yake. Marekani haina idhini ya namna hiyo, inashauri tu. Kwa Fizi, mfano wa kuiga ni wa Wafaransa, hasa ule wa uwanja mmoja mmoja.

Wapo watakaocheka. Fizi ina rubani binafsi gani? Vita havijaisha, Kavumu iliingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, kikosi cha Umoja wa Mataifa, MONUSCO, na helikopta zake kiliondoka Kivu Kusini Juni 2024, na mashirika yote ya ndege ya Congo yamepigwa marufuku Ulaya kwa miaka mingi. Nani ana muda wa kuandika kanuni za milima?

Hoja hiyo ina uzito, lakini inaelekea kusikofaa. Wakati wa vita ndipo ndege ndogo hukodiwa haraka, kwa rubani aliyepatikana, kutoka popote. Na elimu yenyewe ipo tayari. MAF, shirika la kimisheni linaloruka mashariki mwa Congo, halimwachii rubani wake uwanja wa porini kabla hajaingizwa na mkufunzi anayeujua. Tatizo ni kwamba ujuzi huo unakaa kwenye madaftari ya mashirika. Rubani akihama, unahama naye. Mgeni akija, anaanza upya, na abiria ndio wanaolipa ada ya masomo yake.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Congo, AAC, haihitaji kujenga chuo. Inahitaji orodha ya viwanja vya nyanda za juu, kila kimoja na urefu wake, mwinamo wake, upande wa kutua na saa ambayo hakifai tena. Na sharti kwamba hakuna rubani, binafsi au wa kazi, atakayetua hapo kwa mara ya kwanza bila mkufunzi kiti cha pembeni. Muhuri mmoja kwenye daftari la safari, wenye jina la uwanja na tarehe, unaoisha nguvu rubani asiporudi. Masomo ya darasani yanaweza kuanzia Kalemie, kusini tu mwa Fizi, ambako uwanja uko kando ya ziwa hilohilo.

Hadi sharti hilo liandikwe, abiria wa Minembwe ana haki ya kumuuliza rubani swali moja kabla ya kufunga mkanda: hapa umeshatua mara ngapi, na nani alikufundisha?