Mwalimu mtarajiwa, funga fundo kwanza!



Leo nina hoja moja na naitoa hivi hivi bila kuzunguka. Sisi tunaosomea ualimu tusiruhusiwe kwenda mazoezi ya kufundisha, hiyo TP yetu, mpaka kila mmoja awe ametengeneza kitu kwa mikono yake, kisha akamfundisha mwenzake naye akakitengeneza. Kitu chenyewe napendekeza kiwe fremu ya picha ya makrame, yaani ile inayopambwa kwa mafundo ya kamba. Najua mmeshaanza kucheka. Haya chekeni, mkimaliza tuendelee.

Wengi wa rika letu tulisoma Stadi za Kazi shule ya msingi. Hebu jiulize, ulishika nini? Mimi nilishika kalamu. "Ufumaji ni nini? Taja vifaa vitano vya ufumaji. Taja faida nne za ususi." Nikapata vema zote, na sindano ya kufumia sijawahi kuiona. (Kumbe kudesa tulianza zamani jamani!) Simlaumu mwalimu wetu, darasa lilijaa mpaka wengine wanakaa chini, na nina hakika yeye mwenyewe alifundishwa kwa ubao na chaki hivyo hivyo. Ila na sisi tukitoka hapa bila kushika kamba, tutakwenda kuandika maswali yaleyale.

Na tusijidanganye kwamba tunasoma falsafa ya kutosha. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, na sisi tunaijua kwa kichwa. Tunaulizwa misingi yake, tunaorodhesha, tunakula maksi. Waraka uliotaka shule ziwe na mashamba na karakana umegeuka desa! Wakati huohuo mtaala ulioanza kutumika 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari. Huko mwanafunzi anatarajiwa kutoka na ujuzi mikononi. Mwalimu wake ni nani? Ni wewe hapo unayekula chipsi kwenye kimbweta.

Sasa kwa nini fremu? Kwa sababu kazi inaanza na hesabu kabla hujagusa fundo. Chukua picha ya kawaida, sentimita 15 kwa 10. Kata kadibodi ya boksi, 22 kwa 17, halafu toboa dirisha katikati, 14 kwa 9. Dirisha lazima liwe dogo kuliko picha, la sivyo picha itapita ikudondokee. Umebaki na ukingo wa sentimita 4 kila upande. Huo ndio unaufunika kwa mikanda minne ya mafundo, miwili ya sentimita 22 na miwili ya 9.

Kamba nyembamba ya milimita 3 hivi, nyuzi 12 zikikaa pamoja zinatosha upana huo. Lakini nyuzi 12 ni kamba 6, maana kila kamba unaikunja katikati na kuining'iniza kwenye kijiti: pitisha kitanzi nyuma ya kijiti, ingiza ncha zote mbili ndani ya kitanzi, vuta. Na mafundo yanakula kamba. Kadirio la wasukaji ni kwamba uzi uwe mara nne ya urefu unaoutaka, na kwa kuwa umekunja, kamba nzima ni mara nane. Mkanda wa 22 unadai sentimita 176 kwa kila kamba, weka mita 2 kabisa. Wa 9 unadai 72, weka mita 1. Piga hesabu: mita 24 na mita 12, jumla 36. Mita 36 za kamba kupamba picha moja ya shangazi! Mwanafunzi wa darasa la tano anayesema uwiano ni somo la kukariri, mpe mkasi na kamba fupi, atauelewa uwiano kamba itakapomwishia katikati ya mkanda.

Fundo lenyewe ndilo hasa nililotaka kusema. Gawa nyuzi nne nne. Mbili za katikati zimetulia, hazifanyi kitu. Uzi wa kushoto upitishe juu ya zile mbili kuelekea kulia, ukiacha tundu pembeni kama tumbo la namba 4. Uzi wa kulia uupande ule wa kwanza, uzunguke nyuma ya zile mbili, utokeze kushoto kupitia lile tundu. Vuta. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili fanya hivyo hivyo, ila anza na uzi wa kulia. Fundo linakaa bapa, limetulia. Mstari unaofuata acha nyuzi mbili kila pembeni, na kila fundo lichukue nyuzi mbili kwa jirani huyu na mbili kwa jirani yule, unapata wavu wa almasi ndogo ndogo. Ukiwa kila mara unaanzia kushoto tu, mkanda unajipinda wenyewe kama ngazi ya kuzunguka, kwa sababu kila nusu inausukuma upande uleule na hakuna ya kuirudisha.

Mmenielewa? Kama hamjanielewa, ndiyo hoja yangu hiyo! Kumweleza mtu fundo kwa maneno matupu, kwa Kiswahili, bila mchoro na bila kumshika mkono, ni mtihani mgumu kuliko insha yoyote niliyowahi kuandika hapa chuoni. Unagundua "pitisha juu" haitoshi, juu ya nini? Unagundua kushoto kwako ni kulia kwa anayekaa mbele yako. Na huwezi kubembeleza jibu. Kwenye andalio la somo tunaandika "wanafunzi wameelewa kwa asilimia 80", nani anatuuliza? Fundo halikubali hayo. Mkanda wa mwenzako ama umekaa bapa ama umejipinda, na ukijipinda unajua kabisa ni sentensi ipi ya maelezo yako iliyompoteza. Sijaona zana ya kufundishia inayomsahihisha mwalimu namna hii, tena papo hapo.

Najua wengine watasema, "Mimi ni Historia na Jiografia, mafundo yananihusu nini?" Wewe ndiye wa kwanza kuhusika. Katani ililetwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kutoka Florida, na miche iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu. Kutoka hiyo 62 yakaja mashamba yaliyoifanya nchi hii iongoze duniani kwa katani miaka ya 1960. Fundisha hayo darasa zima likiwa limeshika kamba ya katani mkononi, uone kama kuna atakayesinzia. Zaidi ya hapo kamba yenyewe inapatikana kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo ule wimbo wetu wa "hakuna vifaa" hapa haupigwi. Inachubua vidole kidogo, kweli. Asiyeweza atumie ya pamba.

Halafu kuna mabaharia wenzangu wa kiume wanaosema hiyo kazi ya kina dada. Mabaharia wa kweli, wale wa meli za matanga, walikuwa wanaume wenye misuli na walisuka mafundo haya safari nzima, wakayauza bandarini. Neno lenyewe makrame asili yake inasemekana ni Kiarabu, matamvua ya kitambaa. Kwa hiyo tafuteni kisingizio kingine.

Ila msininukuu vibaya. Sisemi fremu itamtoa mtu kimaisha. Mkanda mmoja unaweza kukumalizia jioni nzima, na fremu ya plastiki kutoka China iko kila mtaa, bei ya mchekea. Mwalimu atakayewaambia watoto "sukeni fremu mtajiajiri" bila kuwapigia hesabu ya saa zao anawadanganya, na udanganyifu wa aina hiyo tumeusikia wa kutosha. Mimi nataka fremu kwa ajili ya mwalimu.

Kwa kuanzia tusisubiri kitivo kikae vikao. Jumamosi hii saa nne asubuhi, vimbweta vya chini ya miti, sehemu yetu ileile. Kila mtu aje na boksi, mkasi, rula na kamba mita 36. Gundi ninayo. Tutakaa wawili wawili, mmoja anaeleza mikono ikiwa nyuma ya mgongo, mwingine anafunga. Na wewe wa Jiografia, nimekuwekea nafasi mbele.