Kinga ya Benki Imepanda, ya Bima Je?

Ndugu zangu wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta,

Nawaandikia kutoka Columbus, Ohio, kuhusu jambo ambalo kwetu halizungumzwi mpaka msiba ubishe hodi: kampuni ya bima ikifilisika, majeruhi atalipwa na nani?

Barabara kuu ya Mombasa mnaijua, kuanzia Mackinnon Road hadi Manyani. Malori ya bandarini, mabasi ya usiku na bodaboda za Maungu hugombea lami hiyo hiyo. Sheria inamlazimu kila mwenye gari kukata bima ya kuwalinda wengine, na kampuni inaweza kudaiwa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja aliyeumia. Lakini kampuni ikishawekwa chini ya msimamizi, madai dhidi yake husimamishwa. Kimbilio linabaki Hazina ya Kuwafidia Wenye Bima, ambayo kikomo chake ni shilingi 250,000 kwa dai. Mpwa wangu alivunjika paja karibu na Ndara, na kampuni iliyopaswa kumlipa ikaanguka kesi ikiwa bado mahakamani. Vyuma vya mguu havikungoja.

Hakuwa wa kwanza. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na zote mbili zilikuwa zikiwakatia bima wenye matatu. Mtu aliyelipia stika yake kihalali akajikuta anafuatwa na madalali kwa deni ambalo si lake.

Sasa tazameni upande wa benki. Imperial ilifungwa 2015, Chase ikafuata 2016. Kuanzia Julai 2020, serikali ikapandisha kinga ya amana kutoka shilingi 100,000 hadi 500,000. Ilikuwa haki, na niliifurahia, maana mama anayeuza nyanya sokoni Voi anastahili kulala akijua akiba yake ipo. Ninachouliza ni kwa nini yatima wa ajali alindwe kwa nusu ya kiwango hicho.

Huku nilikohamia, benki zina serikali kuu nyuma yake, ilhali bima husimamiwa na kila jimbo kivyake. Baada ya msukosuko wa 2008, kinga ya amana ilitoka dola 100,000 hadi 250,000, na sheria ya Dodd-Frank ya 2010 ikakifanya kiwango hicho kuwa cha kudumu. Wasimamizi wa bima wa majimbo nao walishaamka: mwaka 2009 walirekebisha sheria yao ya mfano ili malipo ya uzeeni yanayonunuliwa kwenye kampuni za bima yalindwe hadi dola 250,000 vilevile. Majimbo yakaanza kubadilisha sheria zao, moja baada ya jingine. Mpango wa majimbo 50 una mkanganyiko wake na siutamani kwetu. Ninachokitamani ni ile nia ya kutomwacha mwenye bima nyuma ya mwenye amana.

Kwetu njia ni fupi zaidi. Jedwali la Nne la Katiba limeweka usimamizi wa benki na bima pamoja, mikononi mwa serikali ya kitaifa. Basi msiwalaumu waheshimiwa wa bunge la kaunti. Wabaneni wabunge wetu wanne na mwakilishi wa wanawake. Na pesa za Hazina si hisani ya mtu: mwenye bima hukatwa asilimia 0.25 ya malipo yake, na kampuni huchangia kiasi hicho hicho. Kikomo kikipanda, huenda na tozo ikapanda. Wenye magari, nawasihi mkubali, kwa sababu madalali ni ghali kuliko tozo.

Mswada wa Fedha ukiletwa kwa wananchi watoe maoni, nendeni na ombi la maandishi, mlitie saini. Na yeyote mwenye dai dhidi ya kampuni iliyo chini ya msimamizi, asikae akingoja ifufuke. Achukue hukumu ya mahakama, fomu ya polisi na karatasi za hospitali, awasilishe dai lake kwa Hazina mwezi huu.